Zabibu za babu, meno ya mjukuu

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa miaka 31, ninaishi Mwanza. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka minne. Tuliambiwa ni upungufu wa damu. Wa pili ni binti wa miaka mitatu. Tangu akiwa mchanga amekuwa akivimba vidole vya mikono na miguu, hulia usiku kwa maumivu, na macho yake hugeuka manjano. Miezi miwili iliyopita alipimwa hospitalini tukaambiwa ana selimundu, yaani sikoseli. Sasa nina ujauzito wa miezi minne. Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi amenisomea Kutoka 20:5, akasema kwamba babu yangu mzaa mama alikuwa mganga wa kienyeji na Mungu anaupatiliza uovu wake hata kizazi cha nne. Nimehesabu kwa vidole: babu, mama, mimi, mwanangu. Anataka nifunge siku 21, nitoe shilingi 700,000 za kuvunja madhabahu ya ukoo, na nimwachishe mtoto dawa ili kuonyesha imani. Ametaka pia tukakichome kibuyu cha babu ambacho mama amekihifadhi kijijini. Mama mkwe anasema damu ya kwetu ni chafu. Mume wangu amenyamaza. Je, ni kweli Mungu anamwadhibu mwanangu kwa makosa ya mtu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa?

Mama wa Kizazi cha Tatu

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba wa mwanao wa kwanza, ambao naona watu wameukimbilia kuufafanua kabla hawajamaliza kukupa pole. Kabla hatujafungua Biblia, naomba jambo moja lisisubiri: usimwachishe binti yako dawa, hata kwa siku moja, hata kwa heshima ya mtu yeyote anayekuombea. Nitaeleza sababu, lakini ikiwa utaacha kusoma hapa, basi uwe umelichukua hilo.

Sasa tulitazame andiko ulilosomewa, maana limesomwa nusu. Katika tafsiri ya Union linasema, "nawapatiliza wana maovu ya baba zao, hata kizazi cha tatu na cha nne cha wanichukiao, nami nawarehemu maelfu elfu wanipendao, na kuzishika amri zangu." Maneno "cha wanichukiao" ni sehemu ya sentensi, na mhubiri anayeyaruka anaibadilisha sentensi. Rehema inayofuata, ya maelfu elfu, nayo ni sehemu ya tamko lilelile. Ukiweka vizazi vitatu au vinne upande mmoja wa mizani na maelfu upande wa pili, utaona mwandishi alikusudia msomaji aondoke akistaajabia upande upi. Wewe unayeniandikia kwa uchungu kwa sababu unaogopa kumkosea Mungu, na mtoto wa miaka mitatu ambaye pengine hata jina la Mungu bado analitamka kwa kigugumizi, sioni ni kwa kanuni gani mnahesabiwa miongoni mwa wanaomchukia.

Tena andiko hilo lina msikilizaji wake. Ni sehemu ya amri inayokataza kuchonga sanamu na kuzisujudia, na anayeambiwa ni mkuu wa nyumba aliye hai. Katika Israeli ya kale, kama ilivyokuwa katika maboma ya mababu zetu wengi, mzee mmoja aliweza kuishi uani pamoja na wanawe, wajukuu na vitukuu. Akiingiza sanamu ndani, wote walio chini yake walivutwa katika ibada ile na katika maafa yake. Onyo lilitolewa ili mzee aogope kuwaumiza walio mikononi mwake. Kulichukua onyo lililokusudiwa kumzuia mkosaji na kuligeuza hukumu ya kumbebesha kitukuu ni kulisoma andiko kinyumenyume.

Sikatai kwamba watoto huumizwa na dhambi za wazazi. Baba anayekunywa ada ya shule huwaacha wanawe bila elimu, na mjukuu anaweza kuzaliwa katika umaskini ulioanzia kwenye chupa ile. Lakini kuumizwa na kosa la mtu si sawa na kuwa na hatia ya kosa hilo, na wanaouza maombi ya laana za ukoo huishi kwa kuyachanganya mambo hayo mawili.

Swali lako si geni, mwanangu. Liliulizwa ndani ya Biblia yenyewe, na watu waliokuwa na machungu kama yako. Mwaka 597 kabla ya Kristo, mfalme wa Babeli aliwahamisha watu wengi wa Yerusalemu, miongoni mwao kuhani kijana aitwaye Ezekieli, aliyewekwa pamoja na wahamishwa karibu na mto Kebari. Watu wale walijiona wanalipa madeni ya wazee wao, na walikuwa na methali yao: "Akina baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi." Yeyote aliyewahi kula embe changa au ukwaju anaijua ganzi hiyo, na anajua kwamba humpata aliyekula, wala si mtoto wake aliyekaa pembeni. Mungu anaikataa methali hiyo waziwazi katika Ezekieli sura ya 18, anaapa kwa uhai wake kwamba haitatumika tena katika Israeli, kisha katika aya ya 20 anasema, "mwana hatauchukua uovu wa baba yake, wala baba hatauchukua uovu wa mwanawe." Sura nzima inaendelea na jambo hilohilo kwa mifano ya baba, mwana na mjukuu, kana kwamba nabii alijua kwamba tutakuwa wagumu kusikia. Naomba uisome yote kwa sauti, ikiwezekana mume wako akiwa chumbani.

Nabii hakuwa analeta mafundisho mapya, kwa sababu torati ileile yenye Kutoka 20 ina pia Kumbukumbu la Torati 24:16, inayokataza wana kuuawa kwa ajili ya mababa. Mfalme Amazia wa Yuda aliitii sheria hiyo: alipowaua watumishi waliomuua baba yake, aliwaacha hai watoto wao, na 2 Wafalme 14:6 inataja wazi kwamba alifanya hivyo kwa sababu ya yaliyoandikwa katika torati ya Musa. Haielekei kwamba Mungu angewawekea mahakimu wa kibinadamu kipimo cha haki kilicho juu kuliko chake mwenyewe.

Hata hivyo, sura ambayo ningependa uishike kuliko zote ni Yohana 9. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na kuuliza, "Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu?" Wamempa Yesu majibu mawili achague, naye anayakataa yote mawili: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake, bali kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake." Najua kwamba maneno hayo ya mwisho nayo yamewaumiza wazazi wengi, maana yanaweza kusikika kama Mungu alimpofusha mtoto miaka yote hiyo ili siku moja apate mahali pa kuonyesha uwezo wake. Maandishi ya kale ya Kigiriki hayakuwa na vituo kama vyetu, na wako wafafanuzi wanaoliunganisha neno hilo na aya inayofuata, ili maana iwe hivi: ili kazi za Mungu zidhihirishwe, imetupasa kuzifanya kazi zake maadamu ni mchana. Ukisoma hivyo, Yesu haelezi upofu ulitoka wapi. Anaacha kutafuta mwenye kosa, anainama, anatengeneza tope, anampaka mtu macho na kumtuma akanawe katika birika ya Siloamu. Mimi naona usomaji huo unalingana na anachokitenda, ingawa sitagombana na atakayebaki na ule wa kwanza, kwa kuwa katika usomaji wowote wazazi wameondolewa hatia.

Endelea hadi aya ya 34, ambako mara nyingi wahubiri hawafiki. Mtu yule alipokwisha kupona, Mafarisayo wanamwambia, "Wewe ulizaliwa katika dhambi kabisa," kisha wanamtoa nje. Basi fundisho kwamba aliyezaliwa na ulemavu au ugonjwa amezaliwa na hatia limo katika Biblia, lakini limo vinywani mwa watu waliomfukuza, na katika aya inayofuata Yesu anamtafuta aliyefukuzwa.

Nije sasa kwenye ugonjwa wenyewe, kwa sababu unacho kitu ulichorithi kweli, ila si laana. Selimundu hurithiwa kwa kinasaba, yaani chembe ya urithi, na kwa kawaida mtoto huupata ugonjwa pale anapopokea kinasaba hicho kutoka kwa baba na pia kutoka kwa mama. Wazazi wakiwa wote wabebaji, yaani kila mmoja ana kinasaba hicho kimoja tu, wao wenyewe huwa wazima, lakini kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua, mbili kati ya nne ya kuwa mbebaji kama wao, na moja kati ya nne ya kutokuwa nacho kabisa. Mimba uliyonayo haihesabu yaliyotokea kwa zile mbili za kwanza; nafasi zake ni zilezile. Kinasaba hicho kimeenea sana katika maeneo yenye malaria ya muda mrefu, yakiwemo ya kandokando ya Ziwa Victoria na pwani yetu, na sababu yake ilionyeshwa na daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1954: anayebeba kinasaba kimoja hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Huenda babu yako, kama alikuwa miongoni mwa waliokibeba, aliuvuka utoto wake kwa sababu hiyo, akaishi hata akamzaa mama yako. Sijui mhubiri wako angekiita nini kitu kama hicho.

Hii ndiyo sababu ya kutoacha dawa. Penisilini humkinga mtoto mwenye selimundu na maambukizi yanayoweza kumuua kwa muda mfupi sana, asidi ya foliki husaidia mwili kutengeneza damu, na kinga ya malaria ni ya lazima kwake, kwa kuwa ulinzi niliousema ni wa mbebaji, si wa mgonjwa. Muulize daktari pia kuhusu haidroksiyurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu. Akipata homa, akipauka ghafla, akivimba tumbo upande wa kushoto, akipumua kwa shida au akilegea upande mmoja wa mwili, mpeleke hospitalini saa hiyohiyo, na maombi yafanyike njiani. Isaya alipompelekea mfalme Hezekia neno la Mungu kwamba ataponywa, hakuona aibu kuagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Habari hiyo imo katika 2 Wafalme 20:7. Waambie wauguzi wa kliniki yako ya wajawazito historia ya watoto wako wote wawili, ili huyu ajaye apimwe mapema baada ya kuzaliwa.

Kuhusu shilingi 700,000 sina maneno mengi. Yesu aliwatuma wanafunzi wake kuponya wagonjwa na kutoa pepo akiwaambia, "mmepata bure, toeni bure," Mathayo 10:8. Simoni yule mchawi alipotaka kununua karama, Petro alimjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Ukitaka kufunga, funga, kwa kuwa kufunga ni haki yako mbele za Mungu, lakini wewe ni mjamzito, kwa hiyo muulize kwanza mkunga wako, wala usikubali siku 21 zilizopangwa na mtu ambaye hatakuwepo ukizirai.

Mama mkwe wako ni mgumu zaidi, na hapo nakusihi utumie hekima. Kama nilivyokueleza, mtoto hawezi kuwa na ugonjwa huu kwa urithi wa upande mmoja, kwa hiyo damu iliyoitwa chafu imetoka pia kwa mwanawe, na mwanawe aliipata kwa wazazi wake. Ni kweli, na ungekuwa na haki ya kumwambia. Lakini usimwambie wewe, wala usimwambie siku ya ugomvi, maana utakuwa umeirusha laana uani kwake kama alivyoirusha kwako. Mwombe mume wako muende pamoja kliniki binti akiwa na miadi, mpimwe nyote wawili, na daktari amweleze yeye mwenyewe kwa kumtazama usoni. Nahisi ukimya wake una hofu ndani yake: huenda ameshaanza kushuku kwamba yeye pia anahusika, na hana mtu wa kumwambia. Akishajua, kazi ya kuzungumza na mama yake ni yake.

Umeniandikia pia kuhusu kibuyu. Wako Wakristo wa Efeso waliochoma vitabu vyao vya uganga, na Matendo 19:19 inasema thamani yake ilikuwa vipande hamsini elfu vya fedha. Walichoma vitabu vyao wenyewe, kwa hiari yao, na hakuna aliyewatoza kitu kwa kuvichoma. Kibuyu hicho ni cha mama yako, na pengine anakitunza kwa sababu ni kitu pekee cha baba yake kilichobaki. Muulize kwanza anakitunza kwa nini, umsikilize hadi amalize, ndipo mwamue wawili ninyi.