Hedifoni za gitaa: masikio yanauma, sauti inachelewa, sponji zinamenyeka

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo lilelile kwa namna tofauti: hedifoni za kufanyia mazoezi ya gitaa usiku bila kugombana na majirani, ambazo mtu anaweza pia kusikilizia muziki mchana. Tumechagua saba.

*Ndugu mhariri, nimepanga chumba kimoja hapa Tanga. Napiga solo, na ampu yangu ya wati 15 ina tundu la hedifoni. Nikivaa dakika arobaini tu masikio yanauma mpaka navua. Navaa miwani. Nataka hedifoni moja ya mazoezi na ya kusikiliza muziki kwenye simu. Ninunue ipi?*

Kabla ya kutaja kampuni, tafuta kwanza panapouma. Maumivu yakiwa kwenye ncha za sikio, sponji ni ndogo: zinalikalia sikio badala ya kulizunguka. Yakiwa utosini, upinde ni mzito au hauna sponji ya kutosha. Yakiwa nyuma ya sikio, pale mguu wa miwani unapopita, hedifoni inabana kupita kiasi. Na sikio likiuma kwa ndani au likipiga mluzi, kosa si la hedifoni, ni sauti kubwa.

Chukua rula upime sikio lako kutoka juu hadi chini. La mtu mzima huwa sentimita 6 na kidogo. Tundu la sponji lizidi kipimo chako, na kina chake kisipungue sentimita 2 hivi. Kina ndicho wanunuzi wengi husahau. Sponji ikiwa nyembamba, kile kitambaa kinachofunika spika hugusa ncha ya sikio. Dakika kumi za kwanza huoni tabu. Saa moja baadaye pameshakuwa kama pamechomwa.

Dukani usivae na kuvua papo hapo. Vaa robo saa, miwani ikiwa usoni, kisha inama kama mtu anayetazama vidole vyake kwenye shingo ya gitaa. Mpiga gitaa huinama sana kuliko msikilizaji wa kawaida, na hedifoni inayotulia vizuri ukiwa wima inaweza kukuangukia puani.

Kwa miwani na mazoezi marefu, chaguo letu la kwanza kwako ni beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 80 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Ina uzito wa gramu 270, inazunguka sikio lote, na sponji zake ni za mahameli, laini kiasi cha kuuachia mguu wa miwani nafasi ya kupita. Ubaya wake ni waya: mita 3, hauchomoki, na ukiwa na simu mfukoni unaburuta kama kamba ya mbuzi. Ipo ya omu 32 yenye waya wa mita 1.6. Kwa simu inapendeza, ila ampu ikiwa sakafuni na wewe ukasimama, waya utakuvuta kichwa.

Kama simu utaitumia zaidi ya ampu, tazama Audio-Technica ATH-M40x: gramu 240, omu 35, waya unachomoka. Sponji zake za ngozi bandia zina tundu finyu, kwa hiyo weka akiba ya kununua nyingine pana. Sony MDR-7506 ni nyepesi na inasema ukweli wa kila noti, lakini sponji zake ni nyembamba. Mwenye masikio yaliyochomoza hataipenda. Sennheiser HD 280 Pro huzuia kelele za nje vizuri kwa sababu inabana, na kwa sababu hiyohiyo hatumshauri mvaa miwani. AKG K240 Studio ina hewa na haichoshi kwenye joto la pwani, ila ni nusu wazi: sauti huvuja. Jirani wa ukuta wa pili hatasikia, anayelala kitanda kimoja nawe atasikia.

Ikiwa hedifoni uliyo nayo inabana tu na upinde wake ni wa chuma, usiuvute kwa mikono. Panga vitabu vizidi upana wa kichwa chako kwa sentimita moja au mbili, vishike hedifoni usiku mzima, asubuhi jaribu, kisha rudia ikibidi. Upinde wa plastiki tupu uache, utapasuka kwenye kiungo.

Na waya wenyewe: hedifoni nyingi za studio huingiza waya upande wa kushoto, upande uleule wa mkono unaokamata nyuzi kwa anayetumia mkono wa kulia. Upitishe nyuma ya bega, chini ya mkanda wa gitaa, ushukie mgongoni. Ukiuacha mbele utaupiga kiwiko kila unapopanda nyuzi za juu.

*Nimenunua hedifoni za Bluetooth za bei kubwa. Nikipiga gitaa kupitia programu ya simu, noti inakuja nyuma ya kidole. Muuzaji anasema simu yangu ni mbovu. Msomaji, Nairobi.*

Simu haina ubovu huo. Bluetooth huchukua sauti, huibana, huituma vipande vipande, na hedifoni husubiri vipande vikusanyike kabla ya kuvifungua. Kwa njia za kawaida safari hiyo hula milisekunde 150 hadi 250. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja lina milisekunde 500. Ukichelewa 250 umeangukia katikati ya mapigo. Sebene hapo haipigiki.

Tazama hivi. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 200 ni mita 68 na ushei. Huo ndio upana wa uwanja wa mpira wa kimataifa. Umekaa mstari huu wa pembeni, ampu yako iko mstari wa ng'ambo, halafu unataka kwenda sawa na ngoma. Kwenye filamu huoni tatizo kwa sababu simu huichelewesha picha iende pamoja na sauti. Kidole chako hakuna wa kukichelewesha.

Hedifoni nyingi za Bluetooth zina tundu dogo la waya. Litumie unapofanya mazoezi, na Bluetooth ibaki ya kwenye matatu. Kama unapitia kompyuta na kadi ya sauti ya nje, kwa mfano Focusrite Scarlett Solo, weka bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukitoa, ya sampuli 128 kwa kilohezi 48. Hiyo ni milisekunde 2.7 kwa kila upande, kuingia na kutoka, na mzunguko wote hutegemea programu. Sauti ikianza kukatika na kutoa mlio wa kukwaruza, panda 256. Jumla ikibaki karibu na milisekunde 10, mkono hautalalamika.

Zipo hedifoni zisizo na waya zilizotengenezwa kwa ajili ya gitaa, kama Boss Waza-Air, zenye kirusha mawimbi chake chenyewe kinachochomekwa kwenye gitaa. Hiyo si Bluetooth. Bluetooth yake ni ya kuletea wimbo wa kupiga nao tu, na wimbo ukichelewa wote kwa pamoja haudhuru.

*Nikichomeka hedifoni kwenye mikisa na kuwasha pedali ya distoshini, ile ya kukwaruza sauti, nasikia nyuki ndani ya debe. Kwenye ampu pedali hiyohiyo ni tamu. Nibadilishe hedifoni?*

Usibadilishe. Spika ya ampu ya gitaa huanguka haraka ikipita kilohezi 5 hivi. Yale makali yote ya distoshini huishia humo. Hedifoni hufika kilohezi 20, kwa hiyo inakuletea kila kilichokuwa kimefichwa na spika. Hata ukanunua ya bei mara kumi, nyuki watakuja wasafi zaidi.

Kinachotakiwa ni kitu cha kuiga spika kati ya pedali na mikisa: pedali ya kazi hiyo, au programu ya kompyuta. Kwa bei ndogo, Vox amPlug huchomekwa moja kwa moja kwenye gitaa, hutumia betri mbili za AAA na ina tundu la hedifoni. Huna hata hicho? Punguza sauti nyembamba (treble) kwenye mikisa karibu zote, na urudishe kitasa cha toni cha gitaa hadi nusu. Si dawa kamili, lakini utapiga saa nzima bila kukunja uso.

Na msomaji mwingine aliyeuliza kama anaweza kuchomeka hedifoni kwenye gitaa lenyewe: hapana. Umeme unaotoka kwenye pikapu, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, ni mdogo mno. Wala usichomeke hedifoni kwenye tundu la spika la ampu. Utaunguza hedifoni, na ampu ya valvu ikipigwa bila spika yake inaweza kuua transfoma ya kutolea sauti.

*Hedifoni za simu, zenye maiki, nikizitumia kwenye ampu kwa adapta sisikii kitu, ila nikiivuta pini kidogo sauti inarudi. Kwenye simu ni nzima. Morogoro.*

Angalia pini. Ya hedifoni ya kawaida ina miviringo miwili myeusi na sehemu tatu za chuma: kushoto, kulia, na ardhi. Yako ina miviringo mitatu na sehemu nne, ya ziada ikiwa ya maiki. Ndani ya adapta yako ardhi haigusi mahali pake. Ardhi ikikosekana, spika mbili zinabaki zimeungana mfululizo, na unachosikia ni tofauti kati ya kushoto na kulia. Ampu ya gitaa hutoa kitu kilekile pande zote mbili, basi tofauti yake ni kimya. Kwa wimbo wa simu ungeona ajabu nyingine: sauti ya mwimbaji inapotea, vyombo vya pembeni na mwangwi vinabaki.

Tafuta adapta bora ya pini kubwa ya milimita 6.3, iseme stirio, au tumia waya usio na maiki. Sauti ikitoka sikio moja tu, adapta ni ya mono, au pini haijazama hadi ikalia "tak".

*Omu 80 au 250? Fundi anasema kubwa ndiyo bora.*

Omu si ubora. Chukua DT 770 Pro hiyohiyo: kupata milliwati 1, ya omu 32 inataka volti 0.18, ya 80 volti 0.28, ya 250 volti 0.5. Simu itachoka na 250, utaiweka mwisho na bado utatamani zaidi. Kama huna kikuza sauti cha hedifoni, usivuke 80.

*Sponji za hedifoni yangu zinamenyeka, vipande vyeusi vinabaki shingoni. Nina mwaka mmoja tu nazo. Mombasa.*

Ngozi bandia ni utando wa plastiki juu ya kitambaa. Unyevu wa pwani, jasho na mafuta ya nywele huutafuna utando huo hata hedifoni ikiwa kabatini. Gundi haisaidii, na kuupaka mafuta ya ngozi ni kuuharakisha.

Nunua sponji za modeli yako hasa. Tofauti ya milimita chache hubadilisha besi. Kuzivua: shika ukingo wa ndani kwa ukucha, vuta taratibu kuzunguka, usitumie bisibisi maana spika iko milimita chache tu chini. Sponji mpya ina sketi ya kitambaa kwa nyuma. Anza juu, ingiza sketi kwenye mfereji wa ukingo, shikilia kwa kidole gumba, endelea kuzungusha. Robo ya mwisho itagoma. Ivute kama unavyovisha mto foronya iliyobana. Ukimaliza, pitisha kidole pembeni: ikiwa imekunjika mahali, besi itavujia hapo.

Mahameli hudumu zaidi kwa hali yenu, na hufuliwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo baada ya kuvuliwa, kisha hukauka kivulini. Huzuia kelele kidogo kuliko ngozi. Usiku kwenye chumba kimoja hilo halina uzito. Kwenye basi utaliona.

*Shikamooni. Kijana wangu wa miaka 13 anafanya mazoezi kwa hedifoni kila jioni. Sauti iwe kiasi gani asiharibu masikio?*

Marahaba, mama. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki kwa watoto, na 80 kwa watu wazima. Kila inapoongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: kwake, 78 ni saa 20, 81 ni saa 10, 84 ni saa 5 tu. Muziki wa simu na mazoezi vyote vinahesabika katika kapu moja.

Mwambie apange sauti kwa pedali yenye nguvu kuliko zote ikiwa imewashwa, si kwa gitaa kavu ndipo aikanyage. Akivua na kusikia mluzi, kesho apunguze. Kuna jambo jingine dogo linaloumiza wengi: mpasuko wa sauti wakati waya unaingia kwenye gitaa. Achomeke waya kwanza, sauti ikiwa sifuri, avae hedifoni mwisho kabisa. Wakati wa kumaliza avue kwanza, ndipo achomoe.