Mnaoanza kazi kwenye majaribio ya dawa za saratani: ulizeni maumivu kwanza

Karibuni kazini. Itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa jaribio, saa za kuchukua damu, joto la friji ya sampuli, hayo mtayazoea haraka. Mgonjwa aliyekaa mbele yako ndiye anayetaka muda.

Awamu ya kwanza ya jaribio hupima hasa usalama wa dawa: wachache huanza na dozi ndogo, wakiihimili, kundi linalofuata huongezewa. Hakuna aliyeahidiwa kupona. Lakini anayetufikia saratani imeshasambaa, dawa za kawaida zimegoma, na ndugu wamechanga nauli. Akisikia "dawa mpya", mengine hayasikii tena. Basi sahihi kwenye fomu ya ridhaa isikutoshe. Mwombe akueleze kwa maneno yake tunatafuta nini. Akisema "mnanitibu nipone", anza upya, hata foleni ikiwa imefika mlangoni.

Linalonikera ni dhana kwamba tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, ni ya aliyeshatolewa kwenye jaribio. Ianze siku anayoandikishwa. Mwaka 2010 Jennifer Temel na wenzake wa Boston walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyosambaa. Nusu ya waliopata tiba shufaa mapema, sambamba na matibabu yao, waliishi zaidi ya miezi 11.6, kwa wenzao ilikuwa 8.9. Haukuwa utafiti wa awamu ya kwanza, ila sioni kwa nini wa kwetu wasubiri.

Shida ni kwamba wagonjwa huficha maumivu, wakihofia kuondolewa. Mama mmoja wa Mbagala kila akiulizwa ayapime kwa 0 hadi 10 hujibu, "Mbili tu, mwanangu." Nikamuuliza, "Mama, jana ulilalia ubavu gani?" Akacheka. Kitanda alishakihama, anakesha kwenye kochi la sebuleni kaegemea mto, maana akinyoosha mgongo maumivu yanamshuka mguuni. Kwa hiyo ulizeni mambo ya nyumbani: anaswali kwa kusujudu au amekaa? Ndoo anainua? Halafu mwambieni waziwazi kwamba kusema anaumwa si kosa.

Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, hunywewa kila baada ya saa nne, na dawa ya kulainisha choo iende nayo tangu siku ya kwanza. Ndugu watanong'ona kuwa ni dawa ya kufia; kaeni nao, msiwakaripie. Kabla ya kuianza, angalieni itifaki inaruhusu nini, kisha andikeni kila anachotumia, mitishamba ikiwemo. Mofini isiyoandikwa ikileta choo kigumu, lawama itaangukia dawa ya utafiti, na takwimu zenu zimeharibika.

Siku anapotoka kwenye jaribio, awe na barua ya rufaa mkononi, iwe ya kitengo cha tiba shufaa pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, au hospitali iliyo karibu na kwake, na mofini ya kumfikisha kliniki. Namba ya simu iandikeni kubwa juu ya kadi, na anayepokea awe anaijua historia yake.