Msisubiri mzee aanguke ndipo mumpime mifupa

Umeandika kwamba baba yako ana Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaokakamaza misuli na kuvuruga mwendo) kwa miaka minne, kwamba hajawahi kuanguka, na kwamba kipimo cha mifupa mtakifanya "ikibidi", kisha ukauliza kuhusu kalsiamu, jua na mazoezi. Hiyo "ikibidi" imenichoma, kwa sababu niliitamka mimi kuhusu baba yangu.

Daktari wake alituambia, kwa utulivu wa mtu asiyejua anachosema, kwamba mifupa kudhoofika ni shida ya wanawake waliokoma hedhi. Hakutueleza kwamba mgonjwa wa Parkinson, awe mwanamume au mwanamke, hutembea kidogo, hupungua uzito na hukosa jua la kumpatia vitamini D, ilhali misuli yake iliyokakamaa, pamoja na shinikizo la damu linaloshuka anaposimama, humwangusha kabla hajawahi kunyoosha mkono kujikinga.

Usiku mmoja miguu yake iliganda kwenye kizingiti cha choo, kiwiliwili kikatangulia, akaangukia ubavu. Bilauri aliyoishika haikupata hata ufa. Nyonga ndiyo iliyovunjika. Wodini levodopa yake, dawa yake ya Parkinson, ikacheleweshwa kwa saa kadhaa hadi akawa mgumu kama gogo, na alipotapika baada ya upasuaji wakataka kumpa metoklopramidi, dawa ya kutuliza kutapika ambayo mgonjwa wa Parkinson hapaswi kupewa, kwani huzuia dopamini, kemikali ya ubongo ambayo tayari anaipungukiwa. Nilipiga kelele mpaka nikaombwa nitoke nje.

Baadaye ndipo kilipofanyika kipimo cha DEXA, eksirei ya kupima uzito wa mifupa: alama ya T, inayolinganisha mifupa yake na ya kijana mwenye afya, ilikuwa -3.1, na osteoporosisi, yaani mifupa kudhoofika, huhesabiwa kuanzia -2.5 kushuka chini. Kipimo chenyewe ni kulala chali kwa dakika chache. Mimi niliyekiona usumbufu nilitumia miezi mitano nikimshika kiuno ajifunze upya kutembea, kwa hiyo msiniulize kamwe namna ya kuokoa muda.

Mpimeni sasa, pamoja na vitamini D kwenye damu. Mkiandikiwa alendroneti, dawa ya kuimarisha mifupa, semeni mapema kama mzee humeza kwa shida, maana kidonge hicho humezwa kwa glasi nzima ya maji kabla ya kula chochote, mgonjwa akikaa wima nusu saa, na kikikwama huunguza umio. Ipo dawa nyingine ya kutundikiwa kwa dripu mara moja kwa mwaka. Mazoezi atakujibu mwingine. Mimi nangoja uandike hapa tarehe ya kipimo.