Jibu: Utafiti wa jazi na kubuni papo hapo

Mdogo wangu, umeuliza utaanzia wapi utafiti wako wa kubuni papo hapo, yaani kutunga muziki huku unaupiga, na mada ya jazi ni pana hivyo. Ibane! Chukua rekodi moja tu, mathalani "So What" ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, 1959. Imesimama juu ya skeli mbili tu (skeli ni ngazi ya noti), kwa hiyo ubunifu wa mpigaji unasikika wazi. Iandike solo ya tarumbeta, pale mpigaji anapobuni, noti kwa noti. Utafiti wenyewe uko hapo. Historia ya New Orleans, mji ilikozaliwa jazi, ipe aya moja, inatosha.

Halafu, maadamu uko Unguja, mtafute mpiga ganuni (ala ya nyuzi) wa taarab akupigie taksim, kipande anachopiga peke yake. Naye hubuni papo hapo, lakini ndani ya maqamu, yaani skeli za muziki wa Kiarabu zenye kanuni zake, na aghalabu bila ya mdundo. Linganisha solo na taksim. Muombe ruhusa kabla ya kurikodi.