Mtoto aanze na benki au hisa?

Dada, umeuliza kama mwanao wa darasa la tatu hapa Dodoma umfungulie akaunti ya benki au umnunulie hisa. Mimi ningeanza na karanga, na sitanii. Mnunulie debe moja baada ya mavuno, bei ikiwa chini, zikae ndani, yeye awe anaulizia bei kila mkienda soko la Majengo. Zikipanda, mnauza, faida yake. Zisipopanda, hilo nalo alione mapema, hela ikiwa bado ndogo.

Fedha ya muda mrefu ni habari nyingine. UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, wana Mfuko wa Watoto, mzazi unanunua vipande, yaani sehemu za mfuko, kwa ajili ya mtoto. Tuseme unaweka 10,000 kila mwezi na faida ni asilimia 10 kwa mwaka (mfano tu, hakuna anayekuhakikishia hiyo). Kwa miaka 10 umetoa 1,200,000, lakini kama faida haiguswi na inaongezwa kwenye mtaji kila mwezi, jumla inakuwa imefika kama 2,048,000. Kibubu hakifanyi hivyo, na mfumuko wa bei unakila kimya kimya.

Hisa zisubiri kidogo. Siyo mbaya, ila gawio, yaani mgao wa faida ya kampuni, likija mara moja kwa mwaka mtoto wa miaka tisa ameshalisahau kabla halijafika!

Taarifa ya salio asome mwenyewe, usimsomee. Na hela ya ada usiichanganye humu, maana Januari haina huruma na vipande kuvigeuza fedha huchukua siku kadhaa.