Wi-Fi kwa amri kwenye Linux: shughulikia kadi kwanza, nenosiri baadaye

Mkuu, umesema umeweka Debian 12 (toleo la Linux) kwenye laptopu ya zamani bila mazingira ya madirisha, umejaza jina la Wi-Fi na nenosiri tena na tena, na bado haishiki. Hilo nenosiri liache kwanza. Natengeneza kompyuta hapa Mabatini, Mwanza, na nyingi zinazoletwa na shida kama yako hukwama mapema zaidi: keneli (kiini cha Linux kinachoongoza vifaa) haijaiona kadi ya Wi-Fi, au kadi inaonekana lakini imezimwa.

Ingia kama root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, kwa `su -` (hicho kistari usikisahau, bila hicho amri nyingi za mtandao utaambiwa hazipo), kisha andika:

`ip link`

Ukiona jina linaloanza na wl, kama wlan0 au wlp2s0, kadi ipo. Ukikuta lo (ya ndani ya mashine yenyewe) na enp (ya waya) peke yake, hakuna amri ya kuunganisha itakayokusaidia. Hapo piga `lspci -nnk` ujue kadi ni ya kampuni gani na kama imepata draiva (programu ya kuiendesha), halafu `dmesg | grep -i firmware`. Mara nyingi keneli yenyewe inakueleza kwamba imetafuta faili la famwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe) na kulikosa. Tangu Debian 12, iliyotoka Juni 2023, famwea zisizo huria zimo kwenye diski rasmi, kwa hiyo Intel na Realtek nyingi zinakubali zenyewe. Zenye shingo ngumu ni Broadcom za zamani. Nyingi kati ya hizo zinataka kifurushi cha `firmware-b43-installer`, ambacho kiko sehemu ya contrib ya hazina ya vifurushi vya Debian, hivyo ongeza neno contrib kwanza kwenye `/etc/apt/sources.list`.

Utapakuaje wakati intaneti huna? Tumia simu. Ichomeke kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Laptopu itaiona kama kadi ya waya, usb0 au jina refu linaloanza na enx. Piga `dhclient usb0` (au weka hilo jina la enx badala ya usb0) na intaneti itaingia. Laptopu ya mfanyabiashara mmoja wa dagaa pale Mwaloni Kirumba niliimaliza hivyo hivyo, kwa bando la simu yake mwenyewe. Kwangu hii ndiyo mbinu muhimu kuliko zote kwa sisi ambao nyumbani hatuna intaneti ya waya.

Kadi ikishaonekana, angalia kama imezimwa kwa `rfkill list`. Soft blocked ikiwa yes, `rfkill unblock wifi` inamaliza. Hard blocked ikiwa yes, tafuta swichi ubavuni au kitufe cha Fn, maana hiyo haifunguki kwa amri.

Sasa ndiyo uunganishe. Wpa_supplicant, programu ya kuunganisha Wi-Fi, inafanya kazi vizuri, lakini kwa laptopu inayohamahama napendekeza NetworkManager: `apt install network-manager`, kisha:

`nmcli device wifi list`
`nmcli --ask device wifi connect "JinaLaWiFi"`

Hiyo `--ask` inakuuliza nenosiri pembeni. Ukiliandika ndani ya amri linabaki kwenye historia, na kwenye mashine inayotumiwa na wengi hilo si jambo dogo. `nmcli device` ikiandika kadi ni unmanaged (haisimamiwi), fungua `/etc/network/interfaces`; ikitajwa humo, NetworkManager haiigusi. Weka # mbele ya mistari yake yote, uache ya lo, kisha `systemctl restart NetworkManager`.

Ikishika lakini inasuasua, `iw dev wlp2s0 link` (weka jina la kadi yako) inaonyesha nguvu ya mawimbi kwa kipimo cha dBm. Karibu na -50 dBm ni safi, -80 ni tabu. Kwa wanaokaa vilimani kwetu, jabali moja kati ya nyumba na ruta linatosha kuyamaliza, hasa ya 5 GHz. Jaribu 2.4 GHz, au hamisha ruta iwe upande usiozibwa na mwamba.

Ukikwama bado, weka hapa majibu ya `ip link`, `lspci -nnk` na `rfkill list`, tuone imesimamia wapi.