Hedifoni zivaliwe masikioni, wadogo zangu

Juzi kuna vijana waliniita Uyole nikawape kampani kwenye shuti yao, nikaenda na moyo mweupe kabisa. Nakuta gimbali ipo, droni ipo, lenzi mbili za kukodi, dairekta kavaa kizibao chenye mifuko kila mahali, halafu hedifoni ziko kwenye begi na begi liko kwenye bajaji. Nauliza nani anasikiliza sauti, najibiwa "bro, levo zinacheza, mengine tutamalizia kwenye editi". Levo zinacheza, yaani vile vimstari vya sauti kwenye skrini vinapanda na kushuka! Hiyo sentensi naijua vizuri, ilishanitoa machozi. Kwa hiyo leo naandika ya kuzingatia mkienda kupiga documentari, nikiwa na hasira kidogo ila nawapenda, nivumilieni.

1. Vibali. Bodi ya Filamu kwanza, halafu barua kwa mtendaji, halafu uende mwenyewe kwa miguu yako ukamsalimie mwenyekiti. Hiyo ya tatu ndiyo mnairuka kila siku. Mwenyekiti hana shida sana na karatasi yako yenye nembo, anachotaka kujua ni wewe mtoto wa nani na hizo picha zinaenda wapi. Iringa anza na kamwene, Tukuyu anza na ugonile, hata kama ndiyo neno pekee unalolijua watakucheka na kiti watakupa. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, TANAPA wana utaratibu wao na ada zao, msiniletee zile habari za "tunapiga maua tu mara moja".

2. Baridi. Juni na Julai betri zinaisha hata hujaanza, Makete ndiyo usiseme, ziweke mfuko wa ndani wa koti zipate joto la mwili. Na ukitoka kwenye ukungu ukaingia jikoni kwa watu moto unawaka, lenzi itapata unyevu, usianze kuifuta na fulana, iache kwenye begi lililofungwa izoee taratibu.

3. Sauti. Hapa kaeni.

Nilikuwa na wazo la documentari fupi ya wazee waliojenga TAZARA. Reli ile walianza kuijenga 1970, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, na kipande kilichowatesa zaidi ni Mlimba mpaka Makambako, milima mitupu, mahandaki na madaraja yamefuatana. Nikahangaika nikampata mzee mmoja Makambako aliyefanya kibarua kwenye kipande hicho hicho. Nikamtembelea, nikanywa chai yake, akakubali, siku ikafika.

Sasa mzee alipokolea, alikolea kwelikweli. Hakukaa kwenye kiti. Alinyanyuka akaenda kuchukua mchi wa kutwangia, akaushika kwa mikono miwili akanionyesha walivyokuwa wanagonga mwamba, anahesabu kwa Kichina, yi, er, san, halafu anasimama anacheka, mkewe yuko mlangoni na sufuria anacheka kuliko sisi. Akasimulia habari ya mwenzake na mlipuko, hapo sauti ikashuka, akauweka mchi chini taratibu, akawa anausukuma na kidole cha mguu huku anaongea. Mimi niko kwenye fremu tu. Mwanga wa dirisha unapiga shavu la kushoto, mikunjo yote inaonekana, najisemea moyoni hii hii ndiyo inanipeleka ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar. Mvua ikaanza, nyumba ya bati, nikasema haina shida, maiki iko kwenye kola yake. Nikachungulia kwenye skrini, levo zinacheza vizuri tu.

Hedifoni nilikuwa nazo wadogo zangu. Shingoni. Nilizivaa kwa ajili ya picha ya kuposti.

Usiku gesti nafungua faili nasikia mvua. Nasogeza mbele, mvua. Waya wa risiva, kile kidude kinachopokea sauti ya maiki ya kola, haukuwa umeingia kwenye kamera mpaka mwisho, kwa hiyo kamera ilikuwa inarekodi na maiki yake yenyewe muda wote, na levo zilikuwa zinacheza kweli, ila ni bati ndilo lilikuwa linazichezesha. Mzee anafungua mdomo, anashika mchi, anacheka, hakuna kitu. Sehemu ya mlipuko nilijaribu kumsoma midomo, nikaambulia maneno kama matatu nikazima.

Nikarudi kwake, na sukari, na sabuni, na aibu. Wala hakukasirika, ndiyo kilichoniumiza. Safari hii alikuwa amejiandaa, koti la suti, mikono juu ya magoti, na kila anachosema anaanza na "kama nilivyokueleza siku ile". Tulifanya kazi, tulichimba mwamba, Wachina walikuwa wachapakazi, basi. Nikamchokoza kidogo, mzee na ule mchi je? Akaniangalia akasema, "Mchi si nilishakuonyesha?" Sikuwa na jibu. Ya mlipuko hakuitaja kabisa na mimi sikuthubutu kumuuliza, maana kumfanya mtu alie mara mbili kwa sababu wewe hukusukuma waya, hapana.

Filamu niliimaliza, mikono ya siku ya kwanza, sauti ya siku ya pili. Watu walisema nzuri. Mimi mpaka leo siwezi kuiangalia mpaka mwisho.

Kwa hiyo: hedifoni masikioni kuanzia unapobonyeza rekodi, levo zisizidi kama desibeli -12, ukimya wa chumba urekodi nusu dakika kabla hamjafungasha, na mvua ikianza kwenye bati simamisha, pigeni stori za mpira, subirini.

4. Usimwambie mtu arudie kazi yake ili wewe upate shoti. Kuna dogo mmoja, namheshimu kwa fremu zake, alienda Isyonje kupiga mambo ya viazi, akawaomba wabebaji washushe gunia walipandishe tena maana alikuwa hajaset fokasi. Gunia lenyewe lumbesa, lile la kuongezewa kichwa mpaka linamzidi mtu kimo! Alipewa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Na tena kwenye lumbesa ukitokea tu na kamera watu wanajua umetumwa na Wakala wa Vipimo, maana imepigwa marufuku, kwa hiyo nenda kwanza mikono mitupu, nunua viazi, kaa, kesho yake ndiyo uje na kamera.

5. Nakala mbili kwenye diski mbili, zisisafiri kwenye begi moja. Nimemaliza.

6. Shata 1/50 ya sekunde, fremu 25 kwa sekunde, umeme wetu ni hezi 50, ndiyo maana taa za watu zinapepesa kwenye video zako na unasingizia kamera.

7. Droni ina kibali chake TCAA, wale wa usafiri wa anga, na kuwa umeikodi haimaanishi lazima ionekane kila baada ya dakika mbili.

8. Urefu. Oscar wenyewe wanasema filamu fupi isizidi dakika 40 pamoja na majina ya mwisho, sasa mmesoma hapo mkafikiri 40 ndiyo pasi maksi. Mtu anayepanga ratiba ya tamasha akiwa na nafasi ya dakika 12 tu ya kujaza, yako ya 38 ataiweka wapi? Kuna mtu kanitumia documentari ya parachichi Rungwe, dakika 38, kati ya hizo sita ni mashamba ya chai kutoka juu, na chai haihusiki popote kwenye stori! Nikamwambia toa chai yote, akaninunia wiki nzima, halafu jana katuma toleo jipya. Dakika 19. Chai bado ipo, kaificha chini ya majina ya mwisho.